Mji Unapopwaya: Mwongozo kwa Mkazi Aliyebaki

Mtu akikonda, nguo yake haikondi naye. Inapwaya mabegani, upindo unaburura chini, na asipoangalia ataukanyaga aanguke. Ndivyo ilivyo kwa miji. Mwaka 1950 jiji la Detroit, Marekani, lilikuwa na wakazi 1,849,568. Sensa ya 2020 ilikuta 639,111. Karibu theluthi mbili ya watu haipo, lakini eneo la jiji ni lilelile, kilometa za mraba zipatazo 360, na barabara, mabomba na mitaro ni ileile iliyochimbwa kwa ajili ya watu karibu milioni mbili. Gharama ya kuitunza inamwangukia yule mmoja aliyebaki kati ya watatu.

Makala haya ni ya huyo aliyebaki: mwenye nyumba, mpangaji, diwani, kiongozi wa msikiti au kanisa ambaye safu za nyuma zimekuwa tupu. Najua msomaji wa Mwanza au Nairobi, anayeona kila mwaka mashamba yakigeuka viwanja, atauliza hili linamhusu nini. Ndugu zetu wengi, hasa Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, wamepelekwa kuishi katika miji ya Marekani iliyopungua watu. Buffalo, jimbo la New York, ni mmojawapo. Ulikuwa na watu 580,132 mwaka 1950, ukashuka hadi 261,310 mwaka 2010; sensa ya 2020 ikakuta 278,349, ongezeko la kwanza katika miaka 70, na wageni hao wamechangia pakubwa. Tena hata kwetu, nchi nzima ikiwa inafurika, kipande cha mji kinaweza kupwaya. Mikindani, kusini mwa Tanzania, ilipokonywa shughuli na Mtwara pale bandari mpya ilipojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Kilembe, magharibi mwa Uganda, ilibaki na nyumba za wafanyakazi na shaba ikiwa ardhini baada ya mgodi kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mji uliosimama juu ya mguu mmoja, uwe mkonge, reli au madini, una sababu ya kusoma habari za Detroit.

Utajuaje kwamba mji wako unapungua na si kwamba umepata mwaka mbaya tu? Linganisha sensa mbili, kisha acha sensa uangalie vitu vya karibu: watoto wanaoandikishwa darasa la kwanza, idadi ya wateja wa maji wanaolipa, nyumba zenye barua zilizolundikana mlangoni. Uliza pia wamekwenda wapi, maana dawa inatofautiana. Detroit haikupoteza watu wote kwa miji ya mbali. Wengi walihamia vitongoji vya pembeni, nje ya mpaka wa jiji, wakaondoka na kodi zao huku wakiendelea kufanya kazi palepale. Miji mingi ya Japani inapungua kwa sababu nyingine kabisa: wazee wanakufa na watoto hawazaliwi. Huko hakuna aliyehama wa kumbembeleza arudi.

Kusema kweli mbele ya watu

Youngstown, Ohio, ulikuwa mji wa chuma. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake kikubwa, na wenyeji wanaiita siku hiyo Jumatatu Nyeusi mpaka leo. Mji uliokuwa na watu 170,000 mwaka 1930 ulibakiwa na 82,000 mwaka 2000. Katikati ya miaka hiyo viongozi walipokezana ahadi za kiwanda kipya, na ramani ya mipango miji ikaendelea kuonyesha mji wa watu robo milioni ambao haukuwahi kufika. Ndipo mwaka 2005 halmashauri ikapitisha mpango ulioitwa Youngstown 2010, na ndani yake ikaandikwa wazi jambo ambalo mwanasiasa halitamki kirahisi: tutakuwa mji mdogo, basi tuwe mji mdogo unaokalika vizuri.

Sitaki kuupamba mpango huo. Mengi ndani yake hayakutekelezwa, kwa kuwa mji uliopungua watu hupungukiwa pia wapima ardhi, wanasheria na fedha. Na wakazi wachache waliobaki kwenye mitaa mitupu walipopewa motisha ya kuhamia karibu na wenzao, walikataa. Hata hivyo ulivunja mwiko. Baada yake ikawezekana kwa miji mingine ya Marekani kuzungumzia kupungua bila meya kuonekana amesalimu amri.

Ukitaka kuona mji uliokataa kusema kweli, nenda Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido, Japani. Mwaka 1960 watu wake walikaribia 117,000, wote wakiishi kwa makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho ulifungwa 1990. Viongozi wakakopa wajenge bustani za burudani, makumbusho na hoteli, wakiamini watalii watajaza pengo la wachimbaji. Watalii hawakutosha, deni likapita yeni bilioni 35, na mwaka 2007 mji ukawekwa chini ya usimamizi wa ufilisi. Hospitali ikapunguzwa, shule zikaunganishwa hadi ikabaki moja ya msingi, watumishi wakakatwa mishahara. Sensa ya 2020 ilikuta watu wasiozidi 7,500. Mimi naona kosa lao kubwa halikuwa bustani za burudani zenyewe. Walizinunua kwa mkopo uliohesabu watu ambao hawakuwapo.

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano wa halmashauri, swali la kwanza ni dogo: mradi huu umepigiwa hesabu ya watu wangapi, na hao watu wako wapi leo?

Nyumba hii ni ya nani?

Watu hudhani kazi ya kupanga mji uliopungua ni kuchora ramani. Kwa kweli nusu yake ni kumtafuta mwenye hati. Nyumba inayovuja paa mtaani kwenu ina mwenyewe: labda amefariki na warithi saba wametawanyika, labda ni benki, labda ni mlanguzi wa jimbo la mbali aliyeinunua mnadani kwa bei ya baiskeli bila kuiona. Mpaka hapo patatuliwe, hakuna bustani wala kiota cha ndege kinachoweza kuwekwa kihalali.

Sheria mbaya huweza kuyazalisha magofu. Japani ina nyumba tupu zaidi ya milioni 8, na moja ya sababu ni kodi: kiwanja chenye nyumba ndogo ya kuishi hutozwa kodi ya ardhi kwa sehemu moja ya sita ya thamani yake. Ukibomoa gofu la marehemu mama, kodi inapanda. Basi warithi wanaliacha lisimame mpaka linamwangukia jirani. Sheria iliyoanza kutumika 2015 ilizipa manispaa uwezo wa kumwondolea nafuu hiyo mwenye nyumba ya hatari.

Marekani dawa iliyosambaa ni benki ya ardhi: chombo cha umma kinachopokea nyumba na viwanja vilivyotaifishwa kwa kutolipiwa kodi, kikasafisha hati, kisha kikaamua kipi kibomolewe, kipi kiuzwe kwa jirani, kipi kisubiri. Wilaya ya Genesee, ulipo mji wa Flint, ndiyo iliyoonyesha njia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Faida yake ni kwamba nyumba haipiti mnadani kwenda kwa mlanguzi, ikarudi mnadani baada ya miaka mitatu ikiwa mbovu zaidi.

Kwa mkazi, mambo mawili. Ukitaka kununua nyumba ya bei ya kutupa, chunguza kwanza deni la kodi, deni la maji na amri ya kubomoa, kwa maana mnunuzi huyarithi yote, na waliouziwa furaha ya mwezi mmoja ni wengi. Na kama tayari unayo nyumba, kagua makadirio ya kodi yako kila yanapotoka. Katika mji ambao bei zinaporomoka, makadirio huchelewa kushuka. Detroit iliwatoza wenye nyumba kodi kubwa kuliko thamani halisi kwa miaka kadhaa, na wengi walinyang'anywa nyumba kwa deni ambalo lisingekuwepo. Jiji hilo lina msamaha wa kodi kwa wenye kipato kidogo, lakini haukufuati nyumbani, lazima uombe.

Mabomba

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo magazeti hayapigi picha.

Bomba la maji hupimwa kwa wingi wa watu. Watu wakipungua nusu, maji yanapita polepole, yanalala njiani siku nyingi, na dawa ya klorini iliyomo inapungua nguvu kabla hayajafika bombani kwako. Mtaro wa maji taka una shida ya namna hiyohiyo: maji yasipokuwa na kasi, uchafu unatuama, unanuka na kula zege. Katika miji ya Ujerumani ya mashariki, mashirika ya maji hulazimika kupitisha maji safi kwenye mitaro ili kusukuma uchafu. Maji ya kunywa yanamwagwa ili choo kifanye kazi, na bili inapanda ingawa wateja wanabana matumizi.

Flint ilionyesha hatari hiyo inavyoweza kukutana na uamuzi mbaya. Mji ulikuwa na watu karibu 197,000 mwaka 1960. Mwaka 2014 ulikuwa chini ya 100,000, ukitumia mtandao uleule. Aprili 2014, ili kubana matumizi, maji yakaanza kuchotwa Mto Flint bila kutiwa dawa ya kuzuia mabomba yasilike, na madini ya risasi yakaingia katika maji ya kunywa. Kosa lilikuwa la uamuzi, lakini mabomba yaliyopwaya, yenye maji yaliyolala, yaliongeza madhara.

Sisi tuliolelewa kuchemsha maji tuna la kujifunza hapa, nami nalisisitiza kwa ndugu walio katika miji mikongwe ya Marekani: kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi risasi. Maji yakipungua sufuriani, risasi inabaki ileile na inazidi kukolea. Acha bomba litiririke kidogo asubuhi kabla ya kuchota, tumia bomba la baridi kwa kupikia na kwa maziwa ya mtoto, weka kichujio kilichothibitishwa kuondoa risasi, na uliza idara ya maji kama bomba linaloingia nyumbani kwako ni la risasi. Idara ya afya ya eneo lako itakueleza jinsi ya kumpima mtoto damu.

Kwa mpangaji mji, mabomba ndiyo yanayoamua pa kuanzia kubomoa. Ukibomoa katikati ya mtaa, bomba bado lazima lipite kwenda kwa walio mwisho wa njia, na gharama haipungui hata senti. Ndiyo maana mji kama Schwedt, Ujerumani ya mashariki, karibu na mpaka wa Poland, uliobomoa maghorofa mengi ya zege tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ulianzia pembezoni ukaja ndani, kama mtu anayekunja mkeka. Katika mitaa ya zamani ya katikati ya Leipzig, hukohuko Ujerumani ya mashariki, ambako nyumba tupu zilikuwa zimechanganyika na zinazokaliwa, njia hiyo haikuwezekana. Mji ukabaki na matundu kama wavu, na wapangaji wa huko wakauita mji uliotoboka.

Taa za barabarani ni rahisi zaidi, na Detroit ilifanya vizuri. Jiji lilikuwa na taa 88,000, asilimia 40 kati yake hazikuwaka. Badala ya kuahidi kuzirudisha zote, mamlaka mpya iliweka takribani 65,000 za LED, ikamaliza mwishoni mwa 2016, na nyaya ikatumia za alumini, kwa kuwa za shaba zilikuwa chakula cha wezi. Taa ni chache kuliko za zamani, na zinawaka.

Kiwanja kitupu

Nyumba imebomolewa, kifusi kimeondoka. Sasa pana shimo kati ya nyumba mbili. Ukiliacha hivyo, mwezi wa kwanza litaota magugu, wa pili litapata tairi, na wa tatu gari bovu.

Philadelphia walijaribu jambo dogo mno kiasi cha kutiliwa shaka. Shirika la kilimo cha bustani la Pennsylvania husafisha takataka, husawazisha udongo, hupanda majani na miti michache, kisha huzungushia uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupita mtu. Majani hukatwa mara kwa mara, basi. Watafiti waliposambaza kazi hiyo kwa kura miongoni mwa viwanja 541, matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa ya kimaskini matukio ya kufyatuliana risasi yalipungua kwa asilimia 29. Uzio ule haumzuii mtu yeyote. Mtoto anaweza kuuruka. Unachosema ni kwamba pana mtu anayepaangalia.

Detroit, jirani wa kiwanja kitupu anaweza kukinunua kwa dola 100 kupitia benki ya ardhi, mradi yeye ndiye mwenye nyumba ya hapo kando. Maelfu wamefanya hivyo, wakapata bustani, maegesho, uwanja wa watoto. Ukifikiria hilo, kumbuka mambo ambayo furaha huyafunika. Udongo wa mahali palipobomolewa nyumba ya zamani unaweza kuwa na risasi ya rangi, kwa hiyo mchicha na sukumawiki vipandwe kwenye masanduku yenye udongo ulioletwa mpaka upime. Kiwanja kitatozwa kodi. Majani yasipokatwa, faini ni yako.

Leipzig walikuja na mkataba ambao mimi naupenda kuliko yote. Mwenye kiwanja binafsi anabomoa gofu kwa msaada wa serikali, kisha anakubali kiwe bustani ya wazi kwa muda uliokubaliwa, kwa kawaida miaka kumi au pungufu. Katika muda huo anasamehewa kodi ya ardhi, na haki yake ya kujenga haifutiki. Mji unapata kijani bila kununua ardhi, naye hapotezi mali. Kwa majumba, wananchi wa jijini humo walianzisha mwaka 2004 chama kinachoitwa HausHalten, na kikaja na nyumba za walinzi. Vijana, wasanii au vyama walipewa jengo la karne ya 19 lisilo na mpangaji. Hawakulipa pango, walilipa maji, umeme na gharama nyingine za uendeshaji, wakawasha moto wakati wa baridi na kuziba paa lilipovuja. Mwenye nyumba hakupata faida, ila nyumba yake haikuoza.

Dessau, mji wa shule ya usanifu ya Bauhaus, waliligawa eneo la mabomoko kuwa vipande vya mita za mraba 400, wakamwambia mwananchi: chukua kipande, kitunze utakavyo. Mmoja akalima, mwingine akafuga nyuki. Ni aina ya mpango usioonekana vizuri kwenye ramani, maana ramani inataka rangi moja.

Kupunguza jengo badala ya kuliangusha

Aliyeona majumba ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, anajua sura ya ghorofa ndefu za zege ninazozisema. Kwao Ujerumani zilijengwa kwa maelfu. Ukuta wa Berlin ulipoanguka na viwanda vikafungwa, wapangaji wakaondoka. Kufikia mwaka 2000 nyumba zipatazo milioni moja zilikuwa tupu katika majimbo ya mashariki. Serikali ikaanzisha mwaka 2002 mpango wa Stadtumbau Ost, uliolipia ubomoaji wa mamia ya maelfu ya nyumba hizo na ukarabati wa zilizobaki.

Leinefelde, mji mdogo wa Thuringia uliovimbishwa na kiwanda cha nyuzi za pamba, haukubomoa tu. Ulishona upya. Msanifu Stefan Forster alilichukua jengo moja refu, akakata vipande katikati na kuondoa ghorofa ya juu, na zikabaki nyumba nane zinazojitegemea, kila moja na bustani na upepo pande zote. Ni ghali kuliko kubomoa, na haiwezekani kila mahali, lakini yule bibi aliyekaa hapo tangu kiwanda kifunguliwe hakulazimika kuondoka katika mtaa anaoujua.

Liverpool nao walijifunza kwa uchungu. Mpango wa serikali ya Uingereza ulioanza 2002 ulikusudia kubomoa mitaa mizima ya nyumba za safu katika miji ya kaskazini. Huko Granby, wakazi waliobaki walianza kupanda maua barabarani na kupaka rangi madirisha yaliyozibwa kwa mbao, kisha wakaunda amana ya ardhi ya jamii mwaka 2011, wakakabidhiwa nyumba 10 za kukarabati. Kundi la wasanifu Assemble waliofanya nao kazi lilipewa Tuzo ya Turner mwaka 2015. Tuzo ya sanaa kwa ukarabati wa nyumba za watu wa kawaida! Wachoraji walinung'unika, na nadhani wenye nyumba hawakujali.

Mishkaki ya Toyama

Toyama, pwani ya Bahari ya Japani, ni mji ulioenea sana, wenye wazee wengi na magari mengi. Meya Masashi Mori, aliyeongoza kuanzia 2002 hadi 2021, aliueleza mpango wake kwa chakula: dango, vitumbua vya unga wa mchele vinavyofanana na kalimati, vikichomekwa kwenye kijiti. Kijiti ni reli na mabasi. Kalimati ni mitaa ambayo mtu anaweza kwenda kwa miguu dukani, kliniki na kituoni. Sisi tungeuita mishkaki, na picha ingekuwa ileile: nyama isiyo kwenye kijiti haipati moto.

Hawakumkataza mtu kuishi mbali. Mwaka 2006 walifungua tramu mpya kwenye njia ya reli iliyokuwa inakufa, wakaongeza safari na vituo. Mwenye miaka 65 na zaidi husafiri hadi katikati ya mji kwa yeni 100. Anayejenga au kununua nyumba kwenye maeneo yaliyochaguliwa hupewa ruzuku. Babu au bibi akija na mjukuu, huingia bure kwenye makumbusho ya mji. Ni ushawishi wa taratibu, unaochukua miaka 20, na hauwafai wenye haraka ya uchaguzi.

Ukiishi katika mji uliopungua na unatafuta pa kupanga nyumba, tumia akili hiyohiyo. Tafuta kijiti kiko wapi: njia ya basi isiyofutwa, shule ambayo haimo kwenye orodha ya kuunganishwa, zahanati. Tofauti ya pango kati ya mtaa ulio kwenye kijiti na ule ulio nje yake mara nyingi ni ndogo kuliko nauli ya teksi ya mwezi mmoja.

Anayeambiwa ahame

Kila mpango wa kubana mji unafika mahali pa kumwambia mtu: mtaa wako hauendelezwi. Mara nyingi mtu huyo ni maskini.

Katika miaka ya 1970 jiji la New York lilipoteza watu zaidi ya 800,000. Vituo vya zimamoto vilikuwa vimefungwa katika mitaa ya kimaskini, Bronx ikawaka, na mwaka 1976 Roger Starr, mkuu wa idara ya nyumba wa jiji, akapendekeza hadharani kuyapunguzia huduma maeneo hayo ili watu wahame. Alilaaniwa, na pendekezo lake likabaki doa. Vivyo hivyo, wakazi Weusi wa Detroit waliposikia kuanzia 2010 kwamba jiji litapunguzwa lilingane na watu wake, walikumbuka Black Bottom, mtaa wao uliobomolewa wote katika miaka ya 1950 na sehemu yake ikapitishwa barabara kuu. Hawakuhitaji kuelezwa maana ya mpango.

Yubari, baada ya ufilisi, walipata njia ya kibinadamu zaidi. Katika mtaa wa Mayachi, ambako majengo ya umma yalikuwa na wapangaji wachache kila moja, wakazi walihamishiwa majengo ya mtaa uleule, jirani na watu wanaowafahamu, na mengine yakafungwa. Umbali ulikuwa wa kutembea.

Mtaani kwenu likija pendekezo la kuhama, dai liandikwe: lini huduma itaondolewa, fidia ni kiasi gani, mpangaji asiye na hati anapata nini, na kama mtu akikataa kuhama taka zake zitaendelea kuzolewa au la. Mradi unaokwepa swali la mwisho unajua jibu lake.

Na kuna jambo la muda. Leipzig ilikuwa na watu zaidi ya 700,000 mwaka 1933, takribani 530,000 mwaka 1989 na 437,000 mwaka 1998. Karibu nyumba 60,000 zilikuwa tupu. Leo watu wamepita 600,000, pango limepanda, na baadhi ya waliosimamia ubomoaji wanatamani wangesubiri. Nyumba nyingi za walinzi zimegeuka nyumba za kupangisha. Wenye viwanja wamekuja na hati zao kudai bustani zilizoazimwa, na majirani, ambao watoto wao walijifunzia kutembea chini ya miti ile, wamesimama kuzipigania. Mkataba ulisema miaka kumi, na miaka kumi imepita. Kwa hiyo kabla ya kupanda mti kwenye kiwanja cha kuazimwa, soma ukurasa wa mwisho wa mkataba, na uliza kama manispaa ina haki ya kukinunua muda ukiisha.